Pampu ya mkono, ya umeme au vidole tu? Maziwa yanapungua

BintiMakorora
Assalam alaykum wapendwa. Leo siku ya 11 tangu nijifungue. Mtoto ni njiti, bado yuko wodini hapa Tanga, anapewa maziwa kwa mrija. Nakamulia kwenye kikombe cha kahawa nilichokichemsha. Siku ya 5 kilikuwa kinajaa, sasa hata ule ua uliochorwa ubavuni maziwa hayaufikii. Nakamua mara 4 kutwa kwa pampu ya mkono aliyonipa wifi. Wapo wanaosema ninunue ya umeme, wapo wanaosema vidole vinatosha. Mliotumia, nishaurini, hela yenyewe ya kubana.

MamaPacha_Raskazone
Hongera mwaya, Mungu amkuze. Mie nilitumia ya umeme ya pande mbili. Inakamua matiti yote kwa pamoja, robo saa umemaliza, na kwa pacha iliniokoa. Lakini yangu haikuwa na betri, umeme ukikatika unabaki unaitazama tu. Na angalia ule mdomo unaokaa kwenye titi. Wangu ulikuwa mdogo, chuchu ikawa inasugua hadi ikachubuka. Nikaogopa kukamua, maziwa yakashuka zaidi.

Ngamiani_Kwetu
Ya mkono ni rahisi, vipande vichache vya kuosha, haidai umeme. Ubaya wake kidole gumba kinauma utadhani umekuna nazi za shughuli nzima.

MkungaMstaafu
Mwanangu, kabla ya pampu tuzungumze hizo mara 4. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Titi halijui kwamba mwanao yuko wodini, linajua tu limeachwa limejaa, na likikaa limejaa mwili unapunguza kutengeneza. Hata pampu ya bei gani, kwa mara 4 maziwa yatapungua.

Vidole usividharau. Nawa kwa sabuni, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, sugua titi taratibu. Kidole gumba juu, cha shahada chini, nyuma kidogo ya ile duara nyeusi. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane, uachie. Usivute chuchu. Dakika ya kwanza huenda usione kitu, usikate tamaa. Maziwa yakipungua zungusha vidole upande mwingine. Hata wenye pampu ya umeme, wakimalizia na vidole hupata mengine yaliyobaki.

BintiMakorora
Shikamoo bibi. Usiku silali na pampu kwa kweli, mama kaniambia nipumzike. Uji wa pilipili manga nanywa asubuhi na jioni.

Ngamiani_Kwetu
Uji kunywa shoga, upate nguvu. Ila uji haukamui 😅

MkungaMstaafu
Marahaba. Mama hajakosea, pumzika, lakini mchana. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda usiku, kwa hiyo usiku usiupitishe mtupu. Ukilala saa 4 au 5 mfululizo inatosha, kisha amka ukamue. Waombe wauguzi wakuwekee mtoto kifuani ngozi kwa ngozi hali yake ikiruhusu, na ukamue mara tu baada ya hapo. Dawa za kuongeza maziwa usinunue bila daktari. Titi likiwa jekundu, linauma na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

BabaWawili
Naomba nitie neno japo mie mwanamume. Wa kwetu alipokuwa wodini mpeleka maziwa nilikuwa mimi, kwa bodaboda. Kanuni ni saa 4 nje ya friji, lakini hiyo ni kwa nyuzi 25, na joto letu mnalijua. Nilikuwa naweka kichupa chenye kifuniko ndani ya chupa pana ya chai iliyojaa barafu. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4, weka ndani kabisa, siyo mlangoni. Andika saa ya kukamua.

MamaPacha_Raskazone
Na vifaa osha kila ukimaliza, chemsha mara moja kwa siku.

BintiMakorora
Narudi baada ya siku 4. Ya umeme sijanunua. Nimefika mara 8, ya saa 9 usiku naamshwa na simu, mume ndiye anayeshika tochi. Naanza na vidole, inafuata pampu ya wifi, namalizia na vidole. Jana jioni maziwa yamelifunika lile ua.