Jiko la mkaa nililookota, na FPN (barua ya faini) ya pauni 400

Baba Nuru, Reading, Uingereza. Jumatatu, saa 4 usiku

Wanajumuiya, salaam kwenu nyote.

Wiki tatu zilizopita nilikuta jiko la kuchomea nyama, lile la duara lenye mfuniko na miguu mitatu, limetupwa kwenye banda la mapipa ya taka hapa kwenye fleti zetu. Mguu mmoja umelegea, ndani mafuta yaliyoganda na kutu, wavu umekuwa rangi ya udongo wa Singida. Lakini ukiligonga linalia vizuri, chuma bado kizima. Nikalichukua.

Mimi nakaa ghorofa ya pili, bustani sina. Kwa hiyo nikalifungulia nyuma ya banda, nikasugua mpaka giza likaingia, vipande nikaviacha juu ya maboksi ili nimalizie kesho yake. Asubuhi mtu wa kaunsili kavipiga picha. Juzi barua imefika: FPN, pauni 400, kosa ni kutupa taka mahali pasiporuhusiwa. Mimi niliyeokota ndiye nimeandikiwa kwamba nimetupa.

Naomba msaada wa mambo mawili. La kwanza, nilipe au niwaandikie? SET(O) yangu, lile ombi la ukaazi wa kudumu, iko ndani tangu mwezi uliopita na usingizi sipati. Mwisho wa kulipa ni Alhamisi ya wiki ijayo. La pili, upande wa ndani wa mfuniko rangi inabanduka magambamagamba. Nikichomea nyama watoto watakula rangi?

Mama Khadija, Leicester. Jumatatu, saa 5 usiku

Pole sana kaka. Usilipe kwa haraka. Mimi mwaka juzi niliandikiwa nje ya shule ya mwanangu, nikatuma picha za kibao kilichofunikwa na matawi, wakakataa, nikaenda tribunal (baraza la rufaa), nikashinda. Unazo siku 14 za kulipa nusu, ila ukishalipa tu umekubali kosa. Piga picha kila kitu.

Mjomba wa Slough. Jumanne, saa 12 asubuhi

Dada Khadija, hiyo yako ilikuwa PCN, ya maegesho. Huyu ana FPN. Havifanani. FPN haina tribunal. Unawaandikia kaunsili wenyewe, wakishikilia msimamo unalipa, au hulipi na wao wanaamua kama watakupeleka mahakama ya Magistrates. Na tangu 2023 England wameruhusiwa kutoza mpaka pauni 1,000 kwa kosa hilo. Tafadhalini, mtu ana SET(O) ndani, tusimpe majibu ya kesi nyingine.

Sasa jiko. Mimi nimekulia Gerezani, Dar, baba yangu alikuwa fundi bati, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri.

Magamba hayo si rangi. Majiko mengi ya aina hiyo yamepakwa kauri iliyochomwa tanuruni, ndani na nje. Kinachobanduka ni masizi na mafuta yaliyokauka tabaka juu ya tabaka. Washa mkaa mwingi, funga mfuniko, acha matundu yote wazi kwa dakika 40 hivi. Likipoa, kwangua kwa kipande cha ubao au karatasi ya foili iliyofinyangwa, kisha maji moto na sabuni. Ukiona weusi wa kung'aa chini yake, umefika kwenye kauri. Ila kama kauri yenyewe imepasuka, ondoa vipande vyote vilivyolegea, maana ile ni sawa na kioo, isije ikaangukia kwenye chakula.

Halafu usiguse chombo cha majivu kwa magadi makali wala dawa ya kusafishia oveni. Mara nyingi ni aluminiamu, na magadi makali yanaila mpaka inatoboka. Rangi ya kuhimili joto ni ya nje tu, kwenye miguu. Ndani hapapakwi kitu.

Mama Khadija, Leicester. Jumanne, saa 2 asubuhi

Nilieleza yaliyonikuta mimi, sikusema ni sheria ya kila barua. Tusikatane maneno namna hiyo.

Na wewe Mjomba umeruka jambo. Baba Nuru, kabla hujaandika "niliokota", fikiri. Huku kitu kilichowekwa kwenye taka kinaweza kuhesabiwa ni mali ya kaunsili au ya mwenye jengo. Jirani yangu alitoa baiskeli ya mtoto kwenye kituo cha kaunsili cha kupelekea taka, akazuiwa getini, akaambiwa huo ni wizi. Utakwepa la kutupa uangukie la kuchukua.

Kijana wa Kamukunji, yuko Barking. Jumanne, saa 7 mchana

Wadau, kuhusu wavu. Mjomba amesema poa lakini hajagusa wavu, na ndio unaoshika nyama. Kama ni chuma cha kusubu, kile kizito kinachovunjika kikianguka, loweka kwenye siki nyeupe usiku mmoja. Usizidishe, siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Suuza, kausha hapo hapo juu ya moto, paka mafuta ya kupikia kidogo sana kwa kitambaa, kisha moto tena saa nzima. Rudia mara tatu. Kama ni waya uliopakwa kromu na kromu imeisha, tupa, nunua mpya. Pima kipenyo cha jiko, mengi ni sentimita 47 au 57, na wavu wenyewe ni mdogo kidogo.

Usitumie wavu wa mabati wala rafu ya friji kuukuu. Mabati yana zinki, ikipata moto mkali inatoa moshi unaoleta homa. Rafu za friji za zamani zingine zimepakwa kadimiamu, hiyo ni sumu kabisa. Na brashi ya waya, ukimaliza pangusa kwa kitambaa chenye maji, unywele mmoja wa waya ukiingia kwa nyama unaweza kumkwama mtu kooni.

Nikisoma hii thread nasikia nyundo za Kamukunji, kwa mafundi chuma wa Nairobi. Pipa la mafuta linaingia asubuhi, jioni limekuwa majiko kumi, yale ya kiuno chembamba yenye kauri ndani. Hakuna mtu anaandikiwa barua kwa kutengeneza chuma kando ya barabara. Wanasumbuliwa na askari wa kaunti, sikatai, lakini kila mtu anajua pale ni kazi. Saa hizi hata mkaa wenyewe ni siasa. Katazo la kukata miti liliwekwa 2018, likaondolewa 2023, na gunia limekataa kushuka.

Shangazi wa Tanga, yuko Glasgow. Jumanne, saa 2 usiku

Mwanangu wa Barking, na Tanzania mkakati ni asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mimi naunga mkono. Mama yangu macho yalimharibika kwa moshi wa jikoni, Pangani, na wanaotetea mkaa wengi wao hawajawahi kupuliza moto wa kuni mbichi.

Baba Nuru, moja nakuomba kama mwanangu. Jiko hilo lisiingie ndani. Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, hata dirisha likiwa wazi, hata mvua ikikukuta nyama haijaiva. Mwaka wangu wa kwanza huku tulikuwa wanawake wanne chumba kimoja, baridi ya Januari, hita haifanyi kazi. Tukaingiza jiko kama tulivyozoea nyumbani kuota moto. Nyumbani ukuta una matundu juu, paa linapumua. Huku dirisha ni vioo viwili na mlango una mpira. Mmoja wetu alikwenda chooni akaanguka mlangoni, na mlango ulipofunguka ndipo tulipopata hewa. Kichwa kiliniuma siku mbili. Ile hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Na usiku likizimwa likae nje, majivu ndani ya chombo cha bati.

Baba Nuru, Reading. Jumamosi, saa 1 usiku

Nawashukuru wote. Nimelihamishia kwa rafiki mwenye uwanja. Magamba yametoka kama Mjomba alivyosema, na nje, chini ya uchafu, kumbe rangi ni buluu ya bahari. Sikujua. Nuru kakaa nayo saa nzima akisugua kwa siki. Wavu nimeupaka mafuta mara tatu, sasa mweusi na hauchafui kidole. Shangazi, ndani haliingii.

Barua bado iko juu ya friji. Nilipe, au niandike, na nikiandika nisemeje kuhusu kuokota? Yupo aliyepata FPN huku SET iko ndani?

Mjomba wa Slough. Jumamosi, saa 3 usiku

Hongera! Mguu uliolegea usiuchomee, badilisha boliti, weka ya chuma cha pua na washa pana (kile kipete cha bapa cha chini ya nati). Nina mkaa wa miti nusu gunia, Jumapili nitapita. Nani anajua bucha la mbuzi karibu na Reading?

Mama Khadija, Leicester. Jumamosi, saa 3 na robo usiku

Mbuzi tafuta huko kwako Slough. Na limau msisahau.