Mrejesho: ripoti ya akiba ya dawa katika Access
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini programu yetu ya Access (mfumo wa hifadhidata wa Microsoft), inayohesabu akiba ya depo ya dawa hapa Bukavu, ilichukua karibu dakika 20 kutoa ripoti ya mwezi. Waliotaja DSum, kitendakazi cha Access kinachojumlisha thamani za jedwali, walisema kweli. Niliiweka ndani ya hoja (query, yaani maagizo ya kuchota data) bila kutambua kwamba kwa kila dawa ilianzisha utafutaji mpya katika jedwali la mauzo. Nimeiondoa, nikajumlisha mauzo yote mara moja kwa GROUP BY (agizo la kukusanya safu kwa makundi, hapa kwa kila dawa), kisha nikaunganisha jumla hizo na jedwali la dawa kwa LEFT JOIN (muungano unaobakiza dawa zote, hata zisizo na mauzo), kwa sababu muungano wa kawaida ulizificha dawa ambazo hazikuuzwa kabisa, na hizo ndizo tunazopaswa kuziona kabla hazijaharibika. Faharasa ya tarehe (index, inayoharakisha utafutaji) nayo haikusaidia mpaka nilipoacha kuchuja kwa kitendakazi cha Year, kinachotoa mwaka kutoka kwenye tarehe, na kuandika mipaka miwili ya tarehe (ya mwanzo na ya mwisho). Sasa ripoti hutoka kwa sekunde chache, hata umeme ukitishia kukatika. RAM (kumbukumbu ya kompyuta) niliyokaribia kuinunua kwa dola za depo haikuhitajika.