Maziwa hayatoshi, nianze kopo?

Mama Kijacho, Tanga: Wapendwa, mwanangu ana wiki 5, ananyonya halafu analia. Mama mkwe kanijazia mtori na uji wa pilipili manga, naishia kutoka jasho tu. Nisaidieni.

Bi Shangazi: Kopo la nini, mwanangu? Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda, anashiba. Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku pia. Titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Mtori kula, unakupa nguvu wewe.

Nesi wa Zamu: Mtoto ashike mdomoni na sehemu nyeusi ya titi, si chuchu tupu! Wengi wanakwama hapo. Uzito ukigoma, wahi kliniki.

Mama Kijacho: Kadi inaonyesha kapanda. Kumbe alikuwa ananing'ata ncha, ndiyo maana nachubuka.