Naomba ushauri: niliita auti, refa hakuona, tukashinda. Matokeo yanaweza kubadilishwa?

Pongwe_Majuu:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Marekani nasoma kwa skolashipu ya tenisi, Division wani, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo. Wikiendi tumecheza na chuo kingine tukashinda 4-3 kama timu. Mimi nilikuwa korti namba tano, seti ya tatu naongoza 5-4, mpinzani wangu anasevu, tukafika 40-40 na huku hakuna advantage, pointi moja inaamua. Seva ikagusa neti ikaingia, tukarudia, tukapigiana mipira mingi tu, akapiga fohendi ya kufuata laini nikaita auti. Akagoma. Refa akaja mbio kutoka korti namba nne, akasema hakuona kwa hiyo nilivyoita ndivyo. Gemu ikaisha, mechi ikaisha. Sasa wamemlalamikia kocha wetu na tunakutana nao tena mwezi huu. Swali langu ni moja, refa anaweza kubadilisha matokeo? Silali wakuu.

Kibendera Mstaafu:
Umenikumbusha mbali mkuu. Nimeshika kibendera ndondo Mbagala, nikanyoosha ofsaidi dakika za mwisho, nilitolewa uwanjani kwa bodaboda nikiwa na kiatu kimoja. Nyie wanalalamika kwa simu, mshukuru Mungu.

Mama Zai:
Mwanangu umepelekwa kusoma. Vitabu je vinaendaje?

Baseline_Dar:
Nijibu swali. Hapana, mkishapeana mikono imeisha. Vyuoni kila mchezaji anaita mipira ya upande wake, na refa mara nyingi ni mmoja kwa korti kadhaa. Akiwa amesimama pale anaangalia na ukaita vibaya, anaupindua uamuzi wako na pointi inakwenda kwa mpinzani wako, ukirudia rudia unaadhibiwa. Asipokuwepo hawezi kuamua kwa kusimuliwa. Ila sheria hizo hizo zinasema mpira ukigusa laini hata kidogo uko ndani, na ukiwa na shaka faida ni ya mpinzani. Sasa huo mpira ulidondokea wapi?

Pongwe_Majuu:
Nilikuwa nakimbia, jua la machoni, ilikuwa ghafla sana.

Baseline_Dar:
Sijauliza jua. Mpira ulidondokea wapi?

Pongwe_Majuu:
Sawa. Ulikula laini. Niliuona. Mdomo ukawa umeshasema auti na kidole kiko juu na wenzangu wameshaanza kushangilia, ningeanzia wapi? Halafu muelewe, seti ya kwanza yeye aliniita auti mipira miwili ambayo ilikuwa ndani kabisa. Kocha ameniuliza nimeshamwambia nina uhakika asilimia mia, siwezi tena kugeuka, skolashipu yangu inaangaliwa kila mwaka na nyumbani wanajua niko huku nawawakilisha.

Ustadhi wa Kijiwe:
Hapo ndipo penyewe. Kumbe swali halikuwa la refa. Mipira yake miwili ataulizwa yeye, wa kwako utaulizwa wewe.

Tupa Ndoano:
Tusimuonee. Hata refa wa kulipwa anakosea. US Open 2004 robo fainali, Serena Williams na Capriati, mpira wa Serena uko ndani wazi, refa wa kwenye kiti akaupindua ukawa auti, dunia nzima inaona kwenye TV. Mwaka 2006 ndio wakaleta mfumo wa mchezaji kuomba mpira uangaliwe upya kwenye mashine. Na Wimbledon 2025 waamuzi wa laini wametolewa wote, mashine tupu. Sasa mtoto wa watu anakimbia na raketi halafu awe yeye ndiye jicho, hiyo kazi ni ngumu jamani.

Mdau Halisi:
Mnanyweshwa chai nyie. Kaka yangu alicheza huko. Division wani seva ikigusa neti ikaingia mnaendelea, HAMRUDII, walifuta kwa sababu watu wakipigwa ace, yaani seva wasiyoigusa, walikuwa wanasingizia imegusa neti. Huyu kasema walirudia. Yuko Kimara huyo na bando la usiku.

Kibendera Mstaafu:
Aisee. Jibu mkuu.

Tupa Ndoano:
Na mimi nimetetea kwa paragrafu nzima 😭

Pongwe_Majuu:
Hiyo ni ya wanaume. Sisi wanawake tunarudia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mmeanza tu mkuu, mkuu.

Mdau Halisi:
Hapo sawa. Nafuta kauli, samahani dada.

Kibendera Mstaafu:
Kumbe dada! Pole sana dada, huko baridi vipi, una mtu wa kukupikia ugali?

Mbuyuni Senta:
Dada mimi nina mdogo wangu anapiga tenisi Gymkhana, ana miaka 15. Nimeona Okutoyi wa Kenya alivyochukua dabo za Wimbledon ya vijana 2022 akaja kwenda chuo cha Auburn huko Marekani. Hizo skolashipu mnaombaje? Njoo PM.

Baseline_Dar:
Jamani subirini. Dada, palepale ungeweza kusema nimekosea, ulikuwa ndani, pointi inakuwa yake na mnaendelea 5-5. Hiyo imeshapita. Kilichobaki ni huyo binti, maana yeye anajua, na mkikutana tena atamwita refa asimame kwenye korti yenu kuanzia mpira wa kwanza, ana haki hiyo. Ameshakuuliza mwenyewe?

Pongwe_Majuu:
Alinitumia meseji Jumapili. Ameandika tu "ulikuwa na uhakika?" Nikamjibu ndiyo.

Mama Zai:
Mwandikie tena mwanangu.

Pongwe_Majuu:
Nimeandika nikafuta mara tatu mama. Huku saa hizi ni usiku, kesho asubuhi mazoezi, nitaanza na kocha ana kwa ana. Nikimaliza kwake ndio namwandikia.