Mgonjwa aliyekosa kitanda alale wapi: korido ya dharura au korido ya wodi?

Wakuu, salaam. Mimi ni nesi wa dharura, nimetoka zamu ya usiku, na kabla sijalala naomba tujadili jambo hili.

Daktari akishaandika mgonjwa alazwe na wodi zimejaa, anabaki kwetu. Jana tulikuwa na mzee mmoja tangu saa kumi jioni. Machela nyembamba, taa haizimwi, nyuma ya pazia majeruhi analia. Saa nane usiku nikamkuta keshashusha mguu mmoja, anataka kwenda chooni peke yake. Alikuwa ameniita sana. Sikumsikia, nilikuwa namkandamiza kifua mgonjwa mwingine ambaye moyo ulisimama.

Desemba 2022 huko Ufaransa watafiti walifuatilia wagonjwa 1,598 wa miaka 75 na zaidi katika idara 97 za dharura. Kati ya waliokaa dharura kuanzia saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi, asilimia 15.7 walifia hospitalini. Kwa waliofika wodini kabla ya saa sita usiku, ni asilimia 11.1. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wasiojiweza, wale wa kuinuliwa na kupelekwa chooni. Yaani kina mzee wangu.

Msimamo wangu: wodi ikijaa, bado ipokee mmoja koridoni. Wodi kumi zikifanya hivyo, sisi tunapumua.

*Nesi wa wodi:* Pole na zamu dada, ila hapo sikuungi mkono. Koridoni kwetu hakuna oksijeni ya ukutani, hakuna kengele ya kuita, hakuna pazia. Mtu anabadilishwa nepi watu wakipita! Halafu utafiti huo uliangalia yaliyotokea tu, hakuna aliyepangwa kwa kura alale wapi. Kinachotukwamisha ni wagonjwa waliopona asubuhi wanaosubiri karatasi za kuruhusiwa mpaka jioni. Anzieni hapo.

*Mleta mada:* La kura ni kweli, na la karatasi nakuunga mkono kabisa. Lakini hospitali ya Stony Brook, New York, ilipeleka wagonjwa kwenye korido za wodi na kuwafuatilia kwa miaka minne, na vifo vyao havikuzidi vya waliopata vitanda vya kawaida. Ni haki niseme pia kwamba walichagua wenye nafuu. Nami naomba hivyo hivyo: wa oksijeni abaki kwetu, mwenye nafuu apande. Karatasi zitarekebishwa kesho, mzee yuko kwenye machela usiku huu.

*Ndugu wa mgonjwa:* Samahanini, mimi si mtaalamu. Mama yangu ana kifafa, na alikaa dharura usiku mzima huku jina lake likiwa tayari kwenye orodha ya wodi. Dawa yake ya saa tatu usiku hakupewa. Nilipouliza dharura, nikaambiwa huyo sasa ni wa wodi. Nikapanda wodini, wakasema hajafika, bado ni wa dharura. Alfajiri kifafa kikampanda, mimi nimemshika kichwa kisigonge chuma cha machela. Korido mtakayochagua sawa, ila niambieni: dawa ya saa tatu anaitoa nani?