Nimelelewa makao ya watoto, nalipataje jalada langu?

binti_wa_ziwa
Habari za jioni wadau. Nilikulia kwenye makao ya watoto huku Kanda ya Ziwa tangu sijui kutembea. Mwaka huu nimepata chuo, na Bodi ya Mikopo inataka vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Sijui hata kama wamekufa. Mama mlezi alikuwa akisema "uliletwa na polisi", basi. Makao yamefungwa, majalada yakapelekwa ustawi wa jamii halmashauri. Nimekwenda, dada mmoja akaniambia jalada la mtoto ni siri. Nikamwambia mtoto mwenyewe ndiye mimi. Akacheka.

Kinachoniuma, picha yangu ilichapwa kwenye kalenda ya wafadhili nikiwa darasa la kwanza, na chini wameandika niliokotwa. Siku hiyo siri ilikuwa likizo?

kidume_mwanza
Peleka ya soda, utaletewa jalada na kiti cha kukalia.

MstaafuUstawi
Binti, usitoe hata mia. Nimeshika majalada ya watoto hadi nastaafu. Siri ile ni ya kuwazuia mwalimu, jirani, mwandishi wa habari na hao wa kalenda. Si ya kukuzuia wewe. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Ila maafisa wengi tulifundishwa kufunga kabati, kulifungua hatukufundishwa, na anayeogopa kulaumiwa husema "ni siri" akaendelea na chai yake.

Lakini elewa na upande wa pili. Humo ndani hauko peke yako. Kuna jirani aliyekwenda polisi kwa kificho, shangazi aliyekataa kukuchukua, pengine majibu ya vipimo vya mama yako. Hizo karatasi afisa ana haki ya kuziondoa kwanza kabla hajakupa. Kwa hiyo usiombe "jalada". Taja karatasi unazotaka: taarifa ya polisi ya siku uliyopatikana, taarifa ya uchunguzi ya afisa ustawi, na amri ya mahakama kama ilitolewa. Hiyo amri, ustawi wakisuasua, ulizia mahakamani ilikotoka.

Andika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kukujibu. Taja pia ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inatumika tangu Mei 2023. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri hujaandika kitu.

Wakisema limepotea, usiondoke. Uliza masijala: jalada lina namba, na likitoka huandikwa limekwenda kwa nani. Halichomwi kwa kuamka vibaya kwa mkuu wa ofisi, ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002.

Kuhusu Bodi, usinunue cheti cha kifo mtaani. RITA wanahakiki, kitakurudia. Omba barua ya afisa ustawi inayoeleza ulivyolelewa, uwaulize Bodi mapema wanaipokeaje.

pwani254
Huku Kenya Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na tuna sheria ya data ya 2019. Kwenye karatasi tuko sawa kabisa! Shida ni nyumba za watoto za watu binafsi. Tangu Novemba 2017 serikali ilisitisha kusajili mpya, na mkakati wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwa familia. Vizuri. Lakini nyumba ikifungwa madaftari yanaenda wapi? Rafiki yangu alipata yake kwa mjane wa mwenye nyumba, ndani ya gunia, pamoja na ya wenzake wote. Akasoma mambo ya watu ambayo hakupaswa kuyajua.

binti_wa_ziwa
Shikamoo mzee, asante sana. Barua naipeleka Jumatatu. Nina swali jingine. Kuna mdogo wangu tulikuwa pamoja pale, akaasiliwa na familia ya mbali. Taarifa zake nazo naweza kuziomba kwenye barua hiyohiyo?

MstaafuUstawi
Marahaba mwanangu. Hapana, usichanganye, watapata sababu ya kukataa yote. Ya kuasili ni nzito zaidi. Msajili anayo rejista ya watoto walioasiliwa, na kumbukumbu zinazounganisha jina la zamani na jipya hazifunguliwi bila amri ya mahakama. Na hapo, samahani, mimi nakubaliana na sheria: huenda mtoto hajaambiwa na wazazi wake wapya.

Unachoweza ni kuandika barua ya pili, jina lako na namba ya simu, na kuomba iwekwe kwenye jalada lake. Siku akija kuuliza mwenyewe, ataikuta. Nayo igongwe muhuri.

kidume_mwanza
Mzee, ile ya soda nilikuwa natania.

MstaafuUstawi
Wapo wanaokusoma bila kujua.