Nimeapishwa juzi, nimepata ofisi ya mambo ya biashara hapa Tanga, nianzie wapi wakuu?

BintiMakorora:
Habari za jioni wadau, naombeni muongozo kwa wanaoijua hii fani. Nimemaliza Law School, kuna sapu ilinichelewesha ila ikaisha, nikaapishwa, leseni ninayo mkononi na nimerudi nyumbani Tanga. Sasa kuna ofisi hapa mjini wamekubali kunichukua, ofisi ndogo tu, mawakili watatu na karani, na kazi yao kubwa ni biashara. Madai ya mabenki, mikataba ya usambazaji, ugomvi wa wenye hisa, na siku hizi mizigo ya bandarini, maana toka meli kubwa zianze kufunga gatini moja kwa moja badala ya kushusha kwa matishari huko nje, bosi anasema wateja wa aina hiyo wameongezeka.

Shida ni kwamba mie chuoni nilipenda jinai, na field nilikaa mahakama ya wilaya nikawa naona wizi, mashamba na mirathi basi. Mkataba wa kusambaza saruji wenye kurasa kibao na viambatisho sijawahi kuushika. Posho wamesema nauli na chakula kwanza, halafu asilimia kwa faili nitakalolileta mwenyewe. Binamu yangu yuko Dar ananiambia nisijifunge huku, eti kesi za biashara zote ziko Dar na mimi nitazeekea kwenye viapo vya kupotelewa vyeti.

Ni kweli huwezi kukomaa kwenye sheria za biashara ukiwa mkoani? Na mwanagenzi kwenye ofisi za hivi anafanyaga nini hasa mwaka wa kwanza, maana kila ninayemuuliza ananijibu "utajifunza" halafu anaondoka. Sitaki niwe wa kubeba mafaili na kuholdi brifu, yaani kusimama badala ya wakili mwingine, kuomba ahirisho kila asubuhi. Matusi hapana jamani.

MtaniWaPangani:
Dada Tanga ndo waja leo waondoka leo, hao wenye hisa wanaogombana utawapata wapi, watu wako barazani wanakunywa kahawa 😂 Ila hongera kwa kuapishwa, na hiyo nauli toka Makorora mpaka mjini si unapiga mguu, posho yote inabaki.

KiloYaHoja:
Mimi naanza na hela maana wengi watakuja hapa na maneno matamu ya "vumilia utajifunza". Wakili mwenye leseni sio mtoto wa field. Leseni unaihuisha kila mwaka kwa hela yako, ada ya chama cha mawakili TLS yako, semina za kupata pointi zako, halafu mtu anakupa nauli? Mwambie aandike. Asilimia ngapi, ya ada iliyolipwa au ya ada iliyokubaliwa (hapo wengi wanalizwa), inalipwa lini, na ukiondoka faili uliloleta linabaki kwa nani. Ofisi inayoishi kwa kuandikia watu mikataba ikishindwa kukuandikia wewe wa ukurasa mmoja, hapo ushajua unaingia wapi.

WakiliRaskazone:
Wakili msomi karibu kwenye kazi. Binamu yako ana nusu ya ukweli. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, ile iliyoanza 1999, makao yake ni Dar na mashauri makubwa ya mabenki mengi yanaenda huko, hilo halina ubishi. Ila hakuna sheria inayosema mgogoro wa biashara lazima uende kule tu. Mahakama Kuu hapa Tanga inapokea madai, na chini yake hakimu mkazi na wilaya kulingana na thamani. Halafu kufungua shauri siku hizi ni kwa mtandao, uko Chumbageni na laptopu yako unafaili Dar, unasafiri siku za kusikilizwa. Kwa hiyo ulipokaa sio tatizo kubwa kama anavyokutisha, tatizo ni nani anakufundisha na anakuachia ushike nini.

Sasa hilo la mwanagenzi anafanya nini. Kesi ya biashara kwa sehemu kubwa ni makaratasi, ufasaha wa kusimama unakuja mwishoni kabisa. Kwenye Divisheni ya Biashara, kwa kanuni zake za 2012, ushahidi mkuu wa shahidi unaletwa kwa maandishi kabla, yeye mwenyewe anakuja mahakamani kudodoswa tu, yaani kuulizwa maswali na wakili wa upande wa pili. Asipokuja kudodoswa maelezo yake yanaweza kuondolewa kabisa na kesi ikabaki haina miguu. Na hayo maelezo ya maandishi anayaandika nani? Wewe, junior, saa mbili usiku bosi ameshaenda kwake.

Hapo ndo nimeona vijana wengi wanaharibu. Wanamuandikia stoo kipa maelezo ya kiprofesa, "mdaiwa alikiuka wajibu wake wa msingi wa kimkataba", mzee wa watu hajawahi kutamka hivyo toka azaliwe, akifika kizimbani wakili wa upande wa pili anamuuliza mzee wajibu wa msingi ndo nini, anageuka kukuangalia wewe. Nenda stoo kwake. Kaa naye, muulize kontena lilifunguliwa na nani, nani alisaini daftari, mifuko ilikuwa imelowa juu au chini, andika kwa maneno yake, msomee, abishe, urekebishe. Ile "mifuko ya chini ndo iliganda" inaweza kukushindia kesi, maana maji yaliyotoka chini na yaliyotoka juu sio ya mtu mmoja kuyalipia.

Kitu cha pili ni tarehe. Ukipewa faili lolote, kabla ya kusoma hoja za mtu, chora orodha ya tarehe, mkataba ulisainiwa lini, malipo ya mwisho lini, barua ya madai lini. Madai ya mkataba sheria ya ukomo inakupa miaka 6, ila mzigo wa meli hauko hivyo, hati nyingi za shehena (bill of lading) zinafuata kanuni za kimataifa za mizigo ya meli, za Hague au Hague-Visby, na humo dhidi ya msafirishaji una mwaka 1 tu toka mzigo ulipokabidhiwa au ulipotakiwa kukabidhiwa. Mteja anakuja mwezi wa kumi na moja toka akabidhiwe mzigo anakwambia "tulikuwa tunaongea nao vizuri tu". Mkiwa upande wa mdaiwa nako kuna siku 21 za kuleta utetezi toka apelekewe hati, zinayeyuka hizo, hasa kampuni yenye mapokezi ambapo samansi inalala kwenye droo ya mlinzi.

Mikopo ya benki ni darasa lingine, soma sheria ya ardhi sehemu ya rehani mpaka ikuingie. Ridhaa ya mwenza kwenye nyumba ya ndoa, ilani ya siku 60 kabla benki haijachukua hatua, vitu hivyo ndo vinasimamisha minada. Utakuta benki yenye haki yote kwenye deni imekwama kwa sababu ofisa alijaza fomu ya ridhaa haraka haraka.

Mzee_wa_Masjala:
Mimi si wakili, nilikaa masjala miaka mingi sasa nimestaafu nafuga kuku Pongwe. Binti yangu, mawakili wapya wanasoma hukumu kubwa kubwa halafu wanaangushwa na ukurasa wa mwisho wa kiapo. Angalia pale chini kiapo kilipoapiwa, mahali na tarehe viwepo, jina la aliyeshuhudia liwepo, sheria ya makamishna wa viapo imesema wazi kifungu cha 8. Na usishuhudie kiapo cha mteja wa ofisi yenu wenyewe kwenye shauri mnaloendesha nyie, kifungu cha 7 hicho, nimeona maombi mazuri yanatupwa kwa hilo tu.

Jina la kampuni lifuate lilivyo BRELA, kwa msajili wa makampuni, herufi kwa herufi. Kampuni inaposhitaki uwe na azimio la bodi kwenye faili hata kama unaona hakuna atakayeuliza, wa upande wa pili hiyo ndo pingamizi yake ya kwanza. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu nao utakusumbua kuupokeza kama kielelezo, kalipe mapema. Kwenye kufaili mtandaoni usidhani ukishapakia umemaliza, lipa control namba siku hiyo hiyo, usiachie kesho yake uanze kuvutana na watu tarehe ya kufaili ni ipi.

Na makarani waamkie. Si rushwa nasema, SALAMU.

KiloYaHoja:
Mzee shikamoo, ila hayo mapingamizi ya jurati (pale chini ya kiapo) na majina si ndo yale mahakama ilisema tuachane nayo toka marekebisho ya sheria ya 2018, haki itazamwe kuliko ufundi?

Mzee_wa_Masjala:
Marahaba. Ndiyo ipo, na wengi wanaikimbilia wakishakosea. Lakini haijawa sabuni ya kufua kila doa, mahakama imesharudia kusema haifuti masharti ya lazima ya sheria. Afadhali uandike sawa toka mwanzo kuliko uombe huruma.

WakiliRaskazone:
Naongezea kwa Mzee, binti ujue pia kulizuia pingamizi la upande wa pili. Soma hukumu ya Mukisa Biscuit ya 1969, utaisikia mpaka uichoke, pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, ikihitaji kuita ushahidi sio pingamizi tena. TanzLII, tovuti ya hukumu, ni bure, kila wiki soma hukumu mpya hata mbili za Mahakama ya Rufani za mikataba, na usisome ile kanuni tu, soma waligombania nini na kielelezo kipi kilimbeba mshindi.

YukoUghaibuni:
Nasoma masters London, nimewahi kukaa siku chache kama mgeni kwenye chemba (ofisi ya pamoja ya mawakili) ya mambo ya biashara huku, nilete uzoefu kidogo labda utasaidia. Wenzetu wakili wa kusimama mahakamani, barista, ni kada yake na solisita wa kukaa na mteja ni mwingine, sio kama kwetu unafanya yote. Barista anajiunga na mojawapo ya Inn nne, ndo vyama vyao, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple, anapiga kozi, halafu anaingia uanagenzi wanaita pupileji, kawaida miezi 12. Miezi 6 ya kwanza anamfuata msimamizi wake tu, hana ruhusa ya kusimama mwenyewe, 6 ya pili ndo anaweza kuchukua kazi. Baada ya hapo chemba inaamua kama inampa nafasi ya kudumu, na hata akipewa sio ajira, kila mtu anajitegemea wanachangia kodi ya jengo na makarani, na makarani ndo wanaopanga kazi na kujadili ada, wanaheshimika kweli.

Kitu nilichokipenda ni namna wanavyofundishana. Mwanagenzi anapewa makaratasi yale yale aliyopewa msimamizi, anaandika maoni yake au hati yake ya madai mwenyewe KABLA hajaona ya mkubwa, halafu wanaziweka pamoja wanalinganisha mstari kwa mstari. Kwanini umeanza na huyu mdaiwa, kwanini hii fidia umeisahau, aya ya 14 inafanya kazi gani hapa. Hamna siri nyingine. Mtu akifanya hivyo mwaka mzima anatoka ameiva, na hapo hajaongea sana mahakamani, wale wa jinai wenzao wanakuwa wameshasimama mara nyingi zaidi.

WakiliRaskazone:
Hicho alichosema wa ughaibuni ndo ukakiombe Jumatatu. Usimwambie bosi "naomba nijifunze", mwambie "nipe faili hili nikuletee rasimu Alhamisi, halafu nione ya kwako". Bosi mvivu atafurahi umempunguzia kazi, bosi mzuri atakurudishia ikiwa nyekundu yote, vyote unafaidika ila wa pili zaidi. Na rasimu zake za zamani kwenye kompyuta usizikopi tu, ndo ukute hati ya madai ya saruji ina aya ya mkonge ya mteja mwingine kabisa, hakimu anasoma anakutazama.

Kuholdi brifu usikudharau pia. Ukienda kuomba ahirisho kaa ndani usikilize mashauri mengine mpaka mwisho, nani anadodoswa vipi. Nimejifunza kudodosa kwa kukaa benchi la nyuma, kesi ambazo hazikuwa zangu.

Kuhusu Dar sikukatazi. Kaa hapa kwanza uwe umebeba shauri moja toka barua ya madai mpaka kukaza hukumu, yaani kuifanya itekelezwe, na kutathmini gharama, ofisi kubwa za Dar junior anaweza kukaa muda mrefu anafanya utafiti wa hoja moja tu na sura ya mteja haijui.

BintiMakorora:
Ahsanteni sana wote, Mzee Mungu akuweke. Nimeongea na bosi, asilimia ameandika, ni ya ada iliyolipwa na italipwa mwisho wa mwezi, la faili kubaki kwa nani kasema tutaongea 🙄. Na ameshanipa faili la kwanza, la mzigo uliolowa, mteja kampuni fulani hapa kontena lake li...

WakiliRaskazone:
Ishia hapo hapo msomi! Mambo ya mteja hayaandikwi huku hata ukificha jina, mji wenyewe huu kila mtu anajua kontena la nani limelowa. Mimi nakwambia kwa ujumla tu ya mzigo uliolowa. Kwanza tarehe ya kukabidhiwa, hesabu mwaka. Pili tafuta kama msafirishaji alipewa taarifa ya maandishi ya uharibifu, kanuni za Hague zinataka siku 3 kama uharibifu hauonekani kwa macho. Ikikosekana dai halifi, ila mzigo utachukuliwa ulipokelewa salama mpaka mteja athibitishe vinginevyo. Tatu ripoti ya ukaguzi, nani aliikagua na siku ngapi baada ya kushushwa. Nne geuza hati ya shehena nyuma, yale maandishi madogo, usome kuna kipengele cha usuluhishi au cha mahakama ya wapi. Kikisema usuluhishi London usikimbilie kufungua shauri Tanga, wenzako wataomba lisimamishwe na huku mwaka unaendelea kuhesabika. Hiyo ya nne ifanye leo kabla hujalala.

BintiMakorora:
Nimegeuza. Maandishi ni madogo hatari na fotokopi imefifia, kesho asubuhi naenda kwa wakala wa meli kuomba nakala inayosomeka.